Golikipa wa Ndevu za Kuazima

Kwako Mzee Taib wa ukurasa wa ushauri, shikamoo, na uniwie radhi kwa mwandiko maana naandikia gotini ndani ya basi la kampuni, na nisaidie kabla ya Ijumaa kwa sababu baada ya Ijumaa sidhani kama nitakuwa na haja ya ushauri wa mtu yeyote.

Mimi ni kijana wa Kitanzania, mwenyeji wa Makete kule kwenye baridi, huu ni mwaka wangu wa nne hapa Dubai, nafanya kazi kwenye uwanja wa barafu ulio ndani ya mall, kazi yangu ni kuendesha ile mashine kubwa inayopita juu ya barafu kuilainisha baada ya watu kuichanachana na viatu vyao vya visu, na pia nafuta vioo na kupanga mabenchi, kazi siyo mbaya, ila nikipiga simu nyumbani huwa nasema tu niko kwenye michezo, wao wanaelewa wanavyoelewa.

Sasa mwezi wa kumi na mbili kampuni ilitupeleka Hatta, kule milimani, kulikuwa na maonyesho ya msimu wa baridi wakaweka kiwanja kidogo cha plastiki kinachofanana na barafu ili watoto wajaribu hoki, mimi nikaachwa pale wiki nzima kukiangalia, na mzee wangu, Hatta wakati ule ni kamji katamu, jua likizama baridi inashuka toka mlimani watu wanakoka moto mbele ya mahema, unasikia harufu ya karak, ile chai yao nzito ya maziwa, na nyama ya kuchoma, nikajiona kabisa niko kwetu. Ndipo akaja dada mmoja Mtanzania mwenzangu anaitwa Emiliana, wa Mbinga, anafanya kazi za nyumbani kwa madam mmoja wa Al Warqa ambaye ana shamba kule Hatta, alikuwa amemleta binti wa madam kucheza, naye amevaa sare nyepesi ya kazi anatetemeka, nikamletea karak, akaniuliza mbona barafu yenu haiyeyuki, nikamwambia hii ni barafu ya kampuni, haina ruhusa ya kuyeyuka, akacheka mpaka chai ikammwagikia. Basi kila jioni akawa anakuja na mimi kila jioni nina karak mbili mkononi, tunatembea mpaka kwenye ukingo wa bwawa na kurudi, binti yuko mbele na baiskeli yake, yaani ile wiki ningeambiwa nilipie kila pumzi ningelipa.

Shida ni jezi. Nilikuwa nimevaa jezi ya zamani ya golikipa wa timu ya hoki ya watu wazima wanaocheza pale kwetu mall, alinipa mwenyewe kwa kuwa imechanika kwapani, mimi naivalia sweta ndani kupata joto, Emiliana akaiona akasema, "Kumbe wewe ndiye yule golikipa? Tukimaliza mazoezi ya mtoto Jumanne na Alhamisi huwa tunawatazama kidogo. Yaani wewe unadaka jamani." Mzee Taib, nilikuwa na nafasi ndogo ya kusema hapana, nikaitumia kutabasamu.

Tangu turudi mjini nimekuwa golikipa. Nikiendesha mashine najifunga kitambaa usoni na kofia ya jaketi juu, ukiniuliza nasema ni baridi, halafu timu ikimaliza kucheza nakimbia stoo nachukua begi moja lililosahauliwa, nalowanisha kichwa kwa maji ya bomba chooni nionekane natoka jasho, natoka nje nikichechemea kidogo, yeye ananisubiri kwenye kibanda cha karak wakati binti anabadili viatu, tunapata muda wetu mfupi. Golikipa mwenyewe ni Mfini, Mzungu wa kule Finland, fundi wa lifti, mrefu, ana ndevu nyekundu mpaka kifuani, lakini akishavaa ile helmeti yake yenye nondo uso wote umefichika. Emiliana aliwahi kuniuliza kwa nini simpungii mkono nikiwa golini, nikamwambia golikipa haruhusiwi, ni sheria.

Tena nisikufiche, yale mabenchi pale ni ya chuma na barafu iko hatua mbili, mtu akikaa anaganda, basi kila siku yake mimi natangulia kuweka kipande cha zulia la mpira kwenye kona anayokaa na namfutia kioo pale mbele yake kisiwe na ukungu. Wiki tatu zilizopita tukiwa kwenye karak akasema, "Yule dereva wa mashine ananiwekeaga zulia. Mwambie namshukuru, Mungu amkumbuke." Nikashtuka, nikaona nimekamatwa, nikacheka nikasema, "Achana na yule, kibarua tu yule, hata shule hakufika." Chai yake ilibaki nusu, akasema binti ameshatoka.

Juma lililofuata ndipo akaniambia baba yake mdogo, anayepiga plasta kwenye majengo na anakaa Muhaisnah, anataka kuniona nikidaka, kwa sababu ndiye mzazi wake huku ughaibuni na hawezi kusikiliza neno la posa la mtu asiyemwona, na kwamba watakuja Ijumaa kwenye fainali, yeye na wenzake wa chumbani wote, mmoja ana vuvuzela. Na fainali ikiisha wachezaji wote huvua helmeti wakapiga picha na kombe.

Mwenzangu Wahid, anayegawa viatu pale kaunta, ananishauri nijifunge bandeji mguuni niseme nimeumia. Mimi nimefikiria nimwombe yule Mfini asivue helmeti, au tubadilishane nguo haraka kabla ya picha. Au niseme tu nimehamishiwa Abu Dhabi. Nampenda Emiliana kwa moyo wote, sijawahi kumdanganya kitu kingine, na sitaki kumkosa kwa sababu ya jezi. Nifanye lipi? Na naomba majina uyabadilishe.

Ni mimi niliye mashakani.

MZEE TAIB ANAJIBU

Marahaba, golikipa.

Majina nimeyabadilisha kama ulivyotaka. La dada wa Mbinga nimechagua zuri kwa sababu hana kosa. Wewe nimekupa Yekoniya, na hilo jirani yangu Mkristo ndiye aliyenitafutia. Anasema huyo alikuwa mfalme akatawala miezi mitatu tu kisha akachukuliwa mateka na kiti chake na kila kitu. Nimehesabu, tangu Hatta mpaka leo ni miezi mitatu. Jina limekukaa kuliko ile jezi.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza kwa huruma. Ya pili nikamwita jirani, maana kicheko kingine kikiachiwa mtu mmoja humuumiza mbavu. Mimi barafu ninayoijua ni ya kuwekea nguru sokoni Deira, na hoki nimeisikia kwako. Lakini uongo naujua, nimeletewa uongo wa kila rangi kwenye ukurasa huu, na wako, mwanangu, ndio wa kwanza kuja na ndevu.

Hebu tuanzie hapo. Helmeti inafunika uso. Haya, nimekubali. Inafunika na kifua? Umeandika kwa mkono wako mwenyewe, ndevu nyekundu mpaka kifuani. Tangu lini watu wa Makete wakaota ndevu nyekundu? Yule bwana akiinama kuzuia hicho wanachokigombania, ndevu zinaning'inia chini ya nondo kama mkia wa mbuzi wa Idi, na Emiliana amekaa mbele ya kioo, na kioo hicho nani amekifuta kisiwe na ukungu? Wewe. Unamfutia mtu kioo, kisha unaomba Mungu asione.

Halafu anatokea golikipa kwenye kibanda cha karak, kichwa kinachuruzika maji, shingo kavu. Anachechemea. Juzi alichechemea mguu gani, leo unachechemea upi, unakumbuka? Yeye anakumbuka. Huyo ni mwanamke ambaye kazi yake ni kujua madam ameamkaje kwa kusikia mlango unavyofungwa, na wewe unamletea mchezo wa maji ya bomba.

Emiliana amejua. Sijui tangu siku gani, lakini mimi niliyekaa Deira sijamwona hata mmoja wenu nimejua kabla ya kugeuza ukurasa, seuze yeye anayekuona mara mbili kwa wiki.

Na hapo ndipo ninapotaka ukae vizuri, uache kujitetemesha, maana upuuzi umekwisha na sasa nitakuambia kosa lako, ambalo wewe hulijui. Unadhani kosa lako ni kudai unadaka. Hilo si kosa, ni utoto. Vijana hujitia mabaharia, hujitia waimbaji, mmoja aliniandikia amejitia mpishi wa sheikh na hajui kukaanga yai. Wanawake husamehe hayo kwa kikombe cha chai, na wakiwa wazee huwasimulia wajukuu.

Kosa lako liko kwenye zulia.

Alipokuambia, mwambie yule dereva namshukuru, ulidhani umekamatwa. Hukukamatwa. Ulifunguliwa mlango. Emiliana alijua dereva ni nani, akaona haya kukuumbua, akakupitishia salamu zako mwenyewe kwa adabu ili useme, "Ni mimi." Maneno mawili. Angecheka kama alivyocheka Hatta, chai ikamwagika tena, mambo yakaisha. Wewe ukafanya nini? Ukasema, "Kibarua tu yule, hata shule hakufika."

Ulikuwa unamwambia nani hayo? Unamwambia mwanamke anayefua, anayepiga pasi, anayebeba begi la mtoto asiye wake, anayetetemeka kwenye benchi la chuma kwa sare ya kazi. Baba yake mdogo anapiga plasta. Ukoo mzima uliotaka kuuposa ni wa vibarua, Yekoniya, na wewe umewatukana wote kwa sentensi moja na karak mkononi. Chai aliiacha nusu kwa sababu alikuwa anafikiri, akiulizwa huyu siku moja mkewe anafanya kazi gani, atajibu nini? Atasema yuko kwenye mambo ya familia za kifalme?

Jambo linalonichekesha na kuniudhi pamoja ni kwamba golikipa hajamfanyia Emiliana lolote. Kafanya nini golikipa? Kalowa kichwa. Kachechemea. Kasema hapungi mkono kwa sababu ya sheria. Aliyemwekea zulia ni dereva. Aliyemfutia kioo ni dereva. Aliyemletea karak mlimani na kusema barafu ya kampuni haina ruhusa ya kuyeyuka ni dereva, na hilo nakiri ni neno zuri, nimelirudia kwa watu nikalifanya langu. Emiliana alikuwa na mchumba mzuri kabisa, nawe ukaenda kumsema vibaya kwa faida ya Mfini asiyejua hata kama anaoa.

Sasa Ijumaa. Umeandika kwamba baba mdogo anataka kukuona unadaka. Nani alikuambia? Emiliana. Baba mdogo mwenyewe umemsikia? Hukumsikia. Mtu amepiga plasta siku sita juani, ana siku moja tu ya kulala na kufua kanzu yake au suruali yake, ndiyo aamke na hamu ya hoki ya Wazungu? Huyo ameitwa, bwana. Na aliyemwita amechagua siku ambayo kila helmeti itavuliwa. Emiliana amekuwekea mwisho wa subira yake. Anakuambia, sitakuumbua, ila Ijumaa barafu yenyewe itasema, basi kama una mdomo utangulie wewe.

Na wewe unayeitwa hapa Emiliana, kama gazeti hili limefungiwa maandazi likakufikia Al Warqa, mtego wako ni mzuri, nimeusifu. Lakini vuvuzela umezidisha. Aibu ya mtu mmoja haihitaji chumba kizima cha Muhaisnah.

Nirudi kwako na mipango yako, maana nimekusudia kuicheka yote. Bandeji. Ukijifunga bandeji, mashine Ijumaa itaendeshwa na nani? Utaiendesha na bandeji yako, umefunga kitambaa usoni, mgonjwa aliyefunikwa juu na chini kama maiti inayojizika. Mwambie Wahid agawe viatu, ushauri awaachie wenyewe. Mpango wa pili, kubadilishana nguo na Mfini. Adake yeye, jasho litoke kwake, kombe ulibebe wewe, na ndevu je, atakuazima nazo? Wa tatu, Abu Dhabi. Abu Dhabi ni mwendo wa basi tu, na uongo hauhitaji visa kuvuka. Utakuta huko nako kuna kibanda cha karak.

Yalla, tumalize, utafanya hivi. Ukurasa huu unatoka Jumatano. Kesho yake, Alhamisi, binti wa madam ana mazoezi. Hutangoja Ijumaa, kwa kuwa ukikiri baada ya helmeti kuvuliwa hujakiri, umekamatwa tu ukapata mdomo.

Alhamisi usitangulie kuweka zulia kwa siri kama mwizi anayerudisha vitu. Ngoja akae aone benchi ni tupu, kisha uje nalo mkononi, uso wazi, bila kitambaa, bila kofia, umwekee mbele ya macho yake. Usiseme neno. Panda mashine yako. Pita barafuni polepole kama unavyopita siku zote, na ukifika kwenye kona yake usijifiche na usijionyeshe. Usipunge mkono kama mfalme, una usukani. Acha akuone unafanya kazi yako vizuri, maana hilo hajapata kuliona uso wako ukiwa wazi.

Ukimaliza mwendee kibandani. Kichwa kikavu, miguu yote miwili mizima, begi la watu umeliacha stoo. Umwambie, "Dereva amezipata salamu zako. Yule kibarua ni mimi, na nilivyomsema nilikuwa nimemkosea yeye na nimekukosea wewe." Kisha nyamaza. Usianze kueleza jezi, wala kwapa lililochanika, wala Mfini. Mdomo wako umefanya kazi ya kutosha tangu Desemba, upe likizo.

Akikuuliza ya Ijumaa, mwambie baba mdogo aje, unamkaribisha. Na akija, kabla hajakaa, mshike mkono, mwamkie kama mkwe anavyoamkia, mwambie mimi ndiye ninayelainisha hapa, mpeleke akaione mashine. Mpiga plasta atakuelewa kuliko mtu yeyote katika jengo hilo, maana ninyi wawili kazi yenu moja, kufanya pawe laini ili wengine wapite bila kujikwaa. Ndipo useme neno lako la posa. Na ukipiga simu Makete waambie unaendesha nini. Michezoni, michezoni, watakuja kudhani umekuwa kocha wakuombe nafasi za ndugu zako kwenye timu.

Huenda akakukataa. Sikudanganyi, watu wa kukudanganya unao wa kutosha, ukianza na wewe. Amekaa wiki tatu na lile neno na sijui limemchoma kiasi gani. Lakini akikukataa Alhamisi, atakuwa amemkataa mtu aliyepo, na wewe utajua ni nani aliyekataliwa, utaumwa, utapona. Ukiendelea mpaka Ijumaa, watakaokataliwa ni Mfini na jezi, na wewe utabaki umesimama pembeni hujaachwa wala hujapendwa.

Na neno la mwisho, hili ulishike hata ukisahau mengine yote. Akisema hapana, akainuka, akaenda zake na binti wa madam, Jumanne ijayo atarudi tena kwenye lile benchi kwa sababu kazi ni kazi, na chuma kitakuwa kimeganda kama kawaida yake. Zulia uliweke. Liweke pale pale kwenye kona yake, na kioo ukifute, halafu upande mashine yako.